Kudhuru, Kudhurika na Kutoonekana: Maoni Juu ya Rasimu ya Tafsiri Kuhusu Leza na Seli

Tumeletewa rasimu ya tafsiri ya kijitabu cha sayansi ili tuitolee maoni kabla haijapigwa chapa. Kijitabu chenyewe kimekusudiwa wanafunzi wanaoanza masomo ya chuo, walimu wao na watumishi wa maabara. Nacho chaeleza namna wataalamu wanavyobaini madhara yanayozipata seli hai, moja moja, zinapopigwa na mwale wa leza. Mfasiri hatutamtaja, wala ofisi iliyompa kazi, kwa kuwa kusudi letu si kumfedhehesha mtu bali kuyapima maneno. Tena ni haki kusema tangu mwanzo kwamba tunayemkosoa ni mfasiri hodari. Kiswahili chake kina mtiririko, na sentensi zake hazichechemei kama nyingi tunazoletewa. Kurasa zake za kwanza, zinazoeleza jinsi leza inavyotoa nuru ya rangi moja iliyokusanyika katika mstari mwembamba, tungezipitisha bila kugusa hata nukta. Taabu yaanza pale anapoingia ndani ya seli. Hapo maneno machache yanamponyoka, na kwa ajili ya maneno hayo kijitabu cha Kiswahili kinasema mambo ambayo kile cha Kiingereza hakikuyasema. Moja katika mambo hayo laweza kumfikia mgonjwa, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala badala ya barua.

Na tuanze na lililo jepesi. Katika sura ya pili twasoma: “Chembe za mwanga zinapoingia katika chembe huweza kuvunja chembe za urithi.” Sentensi hii haina kosa la sarufi, na kila “chembe” iliyomo yaweza kutetewa kwa kumtaja mtu aliyewahi kuitumia hivyo. Wazee wetu walijua chembe ya mtama na chembe ya mchanga, na chembe cha moyo ambacho si nafaka kabisa. Walimu wa elimu ya viumbe wakalichukua neno hilo kwa maana ya kile kijumba kidogo chenye uhai ambacho mwili umejengwa kwacho. Walimu wa fizikia wakalitaka kwa vipande vya maada. Na waandishi wa magazeti wakaongeza chembe za urithi. Kila mmoja alikopa kwa jirani bila kuuliza ni nani mwingine amekwisha kukopa. Katika kitabu cha elimu ya viumbe peke yake, au cha fizikia peke yake, deni hilo halionekani. Katika kitabu cha leza na seli elimu hizo mbili zinakutana ndani ya sentensi moja, na msomaji hawezi kujua ni nani kampiga nani.

Dawa yake ipo tayari katika vitabu vya shule: fotoni kwa kipande cha nuru, seli kwa kijumba cha uhai, jeni kwa kipande kimoja cha urithi, na herufi DNA kwa uzi wenyewe ambao jeni zimo ndani yake. Wapo wenzetu ambao hawapendi “seli” kwa sababu betri nayo ina seli. Jibu letu ni kwamba hakuna aliyewahi kuchanganya seli ya betri na seli ya damu katika sentensi moja, ilhali “chembe” tatu zimekwisha kukutana katika sentensi moja hapo juu. Kuhusu “vinasaba”, neno zuri lililoundwa kutokana na nasaba, tunaona afadhali liachiwe habari za ukoo na mahakama, ambako umma umekwisha kulizoea. Katika maabara linabebeshwa maana ya jeni na ya DNA kwa pamoja, na hapa tofauti hiyo inahitajika, kwa maana leza hukata uzi bila kujali kwamba mahali ilipokata pana jeni au hapana.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na asili yake ni kijineno “wa”. Mfasiri ametumia “uharibifu wa leza” toka mwanzo hadi mwisho. Tulimwonyesha fundi mmoja wa vyombo vya maabara kichwa cha sura ya tatu, “Kugundua Uharibifu wa Leza”, tukamwuliza anadhani sura hiyo inahusu nini. Alijibu bila kusita kwamba inahusu namna ya kujua leza imeharibika. Hakukosea. Twasema uharibifu wa barabara, uharibifu wa misitu, uharibifu wa mali ya umma. Katika yote hayo kinachofuata “wa” ndicho kilichoharibiwa. Mfasiri alitaka kinachofuata kiwe ndicho kilichoharibu, na lugha ikamkatalia.

Lugha hiyo hiyo, hata hivyo, ilikuwa na njia. Twasema madhara ya pombe, madhara ya sigara, madhara ya jua kali, na hakuna anayedhani kwamba pombe ndiyo iliyodhurika. Neno “madhara” humtafuta mtenda, kama vile “uharibifu” unavyomtafuta mtendwa. Kwa hiyo “madhara ya leza” ni istilahi safi, fupi, inayoeleweka bila maelezo. Na pale ambapo seli nayo hutajwa, “madhara ya leza kwa seli” yatosha. Tena “uharibifu” una aibu nyingine: unasikika kama jambo lililokamilika. Kilichoharibika kimekwisha. Seli nyingi zinazozungumzwa katika kijitabu hiki hazijaisha. Zimeguswa, zimejeruhiwa, zimedhoofika, na baadhi yake zitajitengeneza upya na kuendelea kugawanyika.

Hapa yafaa tueleze kidogo historia ya jambo, kwa sababu istilahi zimebadilika kadiri kusudi lilivyobadilika. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California tarehe 16 Mei 1960, kwa fimbo ya yakuti nyekundu. Kufika mwaka 1962 Marcel Bessis na wenzake mjini Paris walikwisha kuipitisha nuru ya leza ya namna hiyo katika hadubini na kuilenga sehemu za ndani za seli. Wazo la kuchoma sehemu moja tu ya seli kwa mwale mwembamba halikuzaliwa na leza. Mrusi Sergei Chakhotin alikuwa amelifanya tangu mwaka 1912 kwa nuru ya urujuanimno. Mwaka 1969 Michael Berns na wenzake wakatumia leza ya argoni kujeruhi mahali padogo palipochaguliwa katika kromosomu za seli za salamanda. Kwa watu hawa wote madhara ndiyo yaliyokuwa kazi. Walikusudia kuchoma ili wajue kilichochomwa kilikuwa na faida gani, kama fundi anayekata waya mmoja ili aone ni taa ipi itakayozimika.

Kisha kusudi likageuka. Arthur Ashkin, katika maabara za kampuni ya Bell huko Marekani, alionyesha kwamba nuru ya leza iliyokazwa kwa lenzi yaweza kukishika kitu kidogo kisichoonekana kwa macho na kukizuia mahali pamoja. Katika mwaka 1987 yeye na mwenzake Dziedzic walinasa bakteria kwa nuru ya kijani ya nanometa 514.5, na bakteria hao hawakustahimili. Ashkin, aliyekuwa mtu wa mzaha, aliunda neno la kuita kifo cha namna hiyo kwa kuliungia neno la nuru mkia wa lile la kuua mhalifu kwa umeme. Baadaye alihamia nuru ya infraredi ya nanometa 1,064, na safari hii bakteria na hamira ziliishi na hata kugawanyika zikiwa zimo mtegoni. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Tangu hapo madhara yamekuwa adui asiyetakiwa: mtafiti anataka kuishika seli bila kuiumiza, na hana budi ajue kama ameiumiza bila kujua.

Kiswahili kina chombo hasa cha kutenganisha hali hizi mbili, nacho ni viambishi vya kitenzi. Bessis na Berns waliidhuru seli, waliichoma, waliikata. Seli iliyo katika mtego wa Ashkin hudhurika au hudhoofika. Kiingereza hulazimika kutumia nomino moja kwa yote, sisi hatulazimiki. Rasimu, kwa kuifuata nomino ya Kiingereza, imeandika “uharibifu ulifanyika” mahali ambapo mtu angesema tu “seli zilidhurika”. Tumehesabu mahali kumi na mbili ambapo kitenzi cha kutendeka kingeondoa nomino, kingefupisha sentensi, na kingemwonyesha msomaji kwamba hakuna aliyekusudia.

Sasa tufike kwenye kitenzi kilichobeba kijitabu kizima. Mfasiri amechagua “kugundua”. Vasco da Gama, tuliambiwa shuleni, aligundua njia ya kwenda India, ingawa nahodha aliyempeleka kutoka Malindi aliijua tangu utoto wake. Neno hili lina fahari ya kitu kilichopatikana mara ya kwanza. Linafaa kwa atakayepata aina mpya ya madhara. Kwa mtu anayekaa mbele ya hadubini siku nzima akiuliza, seli hii imedhurika au haikudhurika, na hii nayo je, kitenzi chake ni “kubaini”: kukitoa kitu katika vinavyofanana nacho hadi kiwe bayana. “Kutambua” nako kungefaa, ila twaona kunadai kwamba ulikwisha kukijua kile kitu kabla, kama mtu amtambuaye rafiki yake sokoni. Hatutagombana sana na atakayelishika. Lakini “kugundua” tunaliomba litoke, na kwa sababu nzito kuliko fahari yake. Kanusho la “kugundua” ni dhaifu. Mtu akisoma “madhara hayakugunduliwa”, hudhani kwamba hapakuwa na la kugundua.

Hili ndilo tuliloahidi kulifikia. Msomaji atusamehe tukirefusha.

Hakuna mtu anayeyaona madhara yenyewe. Anachokiona ni dalili, na kila kipimo kina dalili yake na upofu wake. Kijitabu chaeleza vizuri jaribio lililotangazwa mwaka 1999 na Keir Neuman, Steven Block na wenzao. Bakteria wa aina ya Escherichia coli huogelea kwa mijeledi inayozungushwa na injini ndogo iliyomo katika utando wake. Ukiunasisha mjeledi mmoja kwenye kioo, mjeledi hauwezi tena kuzunguka, basi mwili wa bakteria ndio unaozunguka badala yake. Kasi ya mzunguko huo hufuata nguvu ya umeme iliyopo baina ya ndani na nje ya utando, yaani hufuata afya ya kiumbe hicho kwa dakika ile ile. Watafiti walimpiga bakteria mmoja mmoja kwa nuru ya mtego wakahesabu mizunguko yake. Jinsi kasi ilivyopungua, ndivyo walivyojua kwamba amedhurika. Walipobadili urefu wa wimbi kuanzia nanometa 790 hadi 1,064 waliona madhara yakishuka kwenye 830 na 970, na kupanda kwenye 870 na 930. Walipoiondoa oksijeni, madhara yalishuka hadi kiwango kile kinachoonekana hata pasipo nuru ya mtego. Ukali wa nuru nao ulienda sawia na madhara. (Rasimu yasema “madhara yalikuwa ya mstari”, nasi tulicheka; neno “sawia”, ambalo walimu wa hisabati wamelipa kazi mpya mbali na ile ya “papo hapo”, ndilo lililotakiwa.)

Jaribio hilo ni zuri, lakini tazama linachokiona. Linaiona nguvu ya utando. Bakteria ambaye uzi wake wa DNA umekatika anaweza kuendelea kuzunguka kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa upande mwingine, ile rangi ya iodidi ya propidi inayoingia tu katika seli iliyochanika utando haitatuambia chochote juu ya seli yenye utando mzima na kromosomu zilizokatika. Na vile vipimo vinavyoona mkato wa DNA haviuoni udhaifu wa utando. Kwa hiyo mtafiti mwangalifu hasemi kamwe kwamba seli haikudhurika. Husema kwamba kwa kipimo hiki, kwa kadiri ya uwezo wake, hakubaini madhara.

Rasimu imeyafanya nini maneno hayo? Katika sura ya tatu, pale ambapo kitabu cha asili chasema madhara yalishuka hadi kiwango cha kawaida oksijeni ilipoondolewa, twasoma “madhara yalikwisha kabisa”. Pale ambapo nanometa 830 na 970 zimetajwa kuwa ndizo zenye madhara machache kuliko jirani zake, twasoma “urefu wa mawimbi usio na madhara”. Na mahali sita ambapo mwandishi ameandika kwamba madhara hayakubainika, mfasiri ameandika kwa kitenzi kimoja kizuri cha Kiswahili: “hazikudhurika”. Twaelewa kilichomvuta. Sentensi ya asili ni nzito, ina mtendwa asiye na mtenda, na mfasiri yeyote mwenye sikio zuri hutamani kuipunguzia uzito. Sisi wenyewe huwahimiza wanafunzi wa tafsiri waache nomino na washike vitenzi, na tumekwisha kumhimiza mfasiri huyu afanye hivyo katika aya zilizotangulia. Hapa ushauri huo hauna nafasi. Uzito wa sentensi ile ndio ujumbe wake.

Mtu aweza kusema kwamba bakteria hawezi kudai. Ni kweli. Lakini ukurasa wa mwisho wa kijitabu wazungumzia hospitali. Katika tiba ya uzazi inayofanyika nje ya mwili wa mama, leza ya nanometa 1,480 hutumiwa kutoboa au kupunguza unene wa ganda jepesi linalozunguka kiinitete, ama ili kukisaidia kutoka katika ganda, ama ili kupata njia ya kuchukua seli za kuchunguza. Nuru ya urefu huo wa wimbi hufyonzwa sana na maji, na kinachotoboa ganda ni joto. Kiinitete cha siku ya tatu kina seli nane hivi tu. Kila seli moja ina uzito wake hapo, na swali la iwapo seli iliyo jirani na tundu imeguswa na joto si swali la kitabuni. Mwandishi ameliandika kwa tahadhari ile ile. Rasimu yaandika: “Leza hii haidhuru seli zilizo jirani.” Mtumishi wa wizara atakayetayarisha fomu ya ridhaa kwa Kiswahili atatafuta wapi maneno yake, kama si katika kijitabu kilichopitishwa? Na mume na mke watakaotia sahihi fomu hiyo wataamini kwamba wameambiwa jambo ambalo hakuna daktari aliyewaambia.

Tunapendekeza ukurasa huo usomeke hivi: “Kwa vipimo vilivyotumika, haikubainika kwamba seli zilizo jirani zimedhurika.” Ni ndefu zaidi kwa maneno matatu, na haina mdundo. Ibaki hivyo hivyo.

Baada ya hilo mengine ni madogo, ila mawili yanastahili nafasi.

La kwanza ni “katika seli hai”. Jina la kijitabu, kwa tafsiri ya rasimu, ni kuhusu kugundua uharibifu katika seli hai. Je, “katika” hii inashikana na kubaini au na madhara? Kama madhara ndiyo yaliyo katika seli hai, basi seli ilikuwa hai ilipopigwa, na baadaye inaweza kuwa vyovyote. Kama kubaini ndiko kunakofanyika katika seli hai, basi seli ilikuwa hai hata ilipokuwa ikipimwa. Tofauti ni kubwa, na kijitabu kina vipimo vya namna zote mbili. Bakteria anayezunguka yu hai tunapomwangalia. Katika jaribio la mwaka 1996 la kundi la Berns huko California, lililotumia seli za ovari za hamsta wa Kichina, seli iliyokwisha kushikwa kwa mtego wa nuru iliachwa ili ionekane kama itazaa kundi la wana. Ilizaa vizuri zaidi iliposhikwa kwa nanometa 950 hadi 990, na vibaya zaidi kwa 740 hadi 760 na pia 900, na hata ile 1,064 inayotumiwa na wengi ilipunguza uzazi sana ukali na muda ulipozidi. Hapo anayeshuhudia si seli yenyewe bali uzao wake. Lakini kipimo cha histoni H2AX, kilichojulikana tangu mwaka 1998, ambamo protini hiyo hupata alama ya fosfati karibu na mahali DNA ilipokatika, kwa kawaida hufanywa kwa kuiua seli kwanza na kuipaka rangi ya kingamwili ili madoa yake yang'ae. Seli ilijeruhiwa ikiwa hai. Imepimwa ikiwa maiti. Mfasiri hana budi kuchagua kila mara: “kubaini madhara seli ikiwa bado hai” au “kubaini madhara yaliyoipata seli ilipokuwa hai”. Kiswahili hakina shida kusema yote mawili. Ila hakikubali kuyasema kwa kihusishi kimoja.

Hapo hapo tungesahihisha “seli moja” iwe “seli moja moja”. Aliyesoma “jaribio katika seli moja” atadhani watafiti walikuwa na seli moja tu. Maana iliyokusudiwa ni kwamba kila seli hupimwa peke yake, bila kuchanganywa na wenzake katika wastani; kwa maana seli mia zilizodhoofika nusu na seli hamsini zilizokufa pamoja na hamsini zilizo nzima hutoa wastani ule ule.

La pili ni kimondo. Kipo kipimo kilichoanzishwa na Östling na Johanson wa Uswidi mwaka 1984, na kuboreshwa na Singh na wenzake mwaka 1988, ambacho seli huwekwa katika utando wa rojorojo itokanayo na mwani, tando zake zikayeyushwa, kisha umeme ukapitishwa. DNA nzima hubaki mahali pake. Vipande vilivyokatika huvutwa kuelekea upande wa chanya, na chini ya hadubini seli huonekana kama kichwa king'aacho chenye mkia. Kadiri majeraha yalivyo mengi, ndivyo mkia unavyokuwa mrefu na mzito. Kwa sura hiyo kipimo kimepewa jina la ile nyota yenye mkia. Rasimu yakiita “kipimo cha kimondo”. Watu wa Mbozi watashangaa: kimondo chao ni bonge la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, halina mkia wala kichwa. Kimondo ni kile kinachopita mara moja usiku na kuzimika, au kinachofika ardhini kikatulia. Nyota yenye mkia huonekana usiku baada ya usiku ikiwa na umbo lake, na umbo ndilo linalopimwa hapa. Tunapendekeza “kipimo cha nyota-mkia”, na sehemu zake ziitwe kichwa na mkia. Atakayependa kutohoa na aseme “kometi”, lakini atakuwa ametupa picha ambayo mwanafunzi angeielewa kabla ya kufundishwa.

Katika meza yetu hatukuafikiana juu ya neno moja, nalo ni “mjeledi” tulilolitumia hapo juu. Rasimu ina “flagela”. Wawili kati yetu wangeliacha lilivyo kwa kuwa vitabu vya shule vimekwisha kulitumia. Wengine tunaona kwamba neno la Kilatini lenyewe lina maana ya mjeledi, na kwamba kulitohoa ni kuacha neno letu lenye maana ile ile. Suala hili tunaliacha kwa wasomaji, hasa walimu wa elimu ya viumbe, ambao tungependa watuandikie ni neno gani wanafunzi wao hulitamka bila kusukumwa.

Rasimu tumekwisha kuirudisha ikiwa na alama zetu. Tumeomba turudishiwe sura ya tatu na ukurasa wa mwisho, vilivyosahihishwa, kabla ya kazi kupelekwa kiwandani. Sura nyingine mfasiri anaweza kuzimaliza peke yake.